Kabila limeongezeka, mbona viti na mgao havikuongezeka? Jibu kwa mwalimu wa Kaloleni

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mwenyeji wa Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi, ameniandikia hivi: "Sensa ya 2009 ilituhesabu sisi Wamijikenda tukawa milioni 1.96, na ya 2019 ikatupata milioni 2.49. Tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, lakini hatukupata kiti kipya hata kimoja bungeni, na fedha za kaunti hazikupanda kwa kiasi hicho. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wananiuliza wingi wetu una faida gani. Wengine wanasema ni heri sensa iache kuuliza kabila, kwa kuwa haileti ila chuki. Niwajibu nini?"

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza pamoja na takwimu mkononi, maana mjadala huu kwa kawaida huendeshwa kwa kukisia. Nitaanza na takwimu hizo hizo ulizoleta. Ni kweli kwamba Wamijikenda walitoka 1,960,574 wakafika 2,488,691, ongezeko la takriban asilimia 27. Lakini katika muda huo Kenya nzima ilitoka watu milioni 38.6 ikafika milioni 47.6, ongezeko la asilimia 23. Ukigawanya, utakuta kwamba mwaka 2009 Wamijikenda walikuwa asilimia 5.1 ya Wakenya wote, na mwaka 2019 wakawa asilimia 5.2. Nusu milioni ya watu ni wengi mno mbele ya mkuu wa shule anayetafuta madawati au muuguzi anayetafuta chanjo, lakini katika kugawana kile kilicho cha taifa zima, fungu lenu lilisogea kidogo sana. Hali ni hiyo hiyo kwa makabila makubwa. Wakikuyu waliongezeka kwa watu milioni moja na nusu, na bado fungu lao lilibaki asilimia 17.1. Waluhya walipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 14.3, Wakalenjin kutoka 12.9 hadi 13.4, nao Wakamba wakashuka kutoka 10.1 hadi 9.8. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwaambia wanafunzi wako ni kwamba muundo wa makabila ya Kenya hubadilika polepole, na anayewaambia kwamba kabila fulani limewazidi wengine ghafla katika miaka kumi anastahili kuulizwa ameitoa wapi hesabu yake.

Sasa tuje kwenye viti. Katiba ya 2010 haigawi viti vya Bunge la Kitaifa kwa makabila. Inavigawa kwa maeneo, na kila eneo linapimwa kwa wakazi wake wote, awe Mgiriama, Mluo, Msomali au mtoto aliyezaliwa jana. Kifungu cha 89 kinaweka maeneo bunge 290 na kuagiza kwamba idadi ya wakazi wa kila moja ikaribie wastani wa nchi, yaani jumla ya wakazi ikigawanywa kwa 290. Kwa sensa ya 2019 wastani huo ni watu 164,015. Eneo bunge la kawaida linaruhusiwa kuzidi au kupungukiwa kwa asilimia 30, na lile la mjini au lenye watu waliotawanyika sana kwa asilimia 40. Kilifi ilikuwa na wakazi 1,453,787 katika maeneo bunge 7, ambayo ni wastani wa watu karibu 207,700 kwa kila mbunge. Kaunti yenu, basi, inakaribia kabisa ukomo wa juu, ambao ni kama 213,200. Kwale imekwisha kuuvuka: wakazi 866,820 kwa wabunge 4, karibu 216,700 kwa kila mmoja. Nairobi, hata ikipewa nafuu ya mji, imepita mbali, kwa kuwa wabunge wake 17 wanawakilisha watu karibu 258,700 kila mmoja. Upande wa pili, Nyeri ina wastani wa watu 126,500 kwa mbunge, na Taita Taveta, jirani yenu, 85,200.

Kwa hiyo lalamiko lako lina msingi wa kikatiba, ingawa si ule uliouleta. Wanaopunjwa ni wakazi wa Kilifi na Kwale, na si Wamijikenda kwa sababu ya kabila lao. Mkamba mwenye duka Mariakani anapunjwa sawa nawe. Mmijikenda aliyeolewa Voi, huko Taita Taveta, kwa upande wake, kwa wastani wa kaunti hizo mbili kura yake ina uzito mara mbili na zaidi ya ya dada yake aliyebaki Kwale. Naomba wanafunzi wako walielewe hili vizuri, kwa sababu madai yanayosimama juu ya ukazi yanaweza kubebwa mahakamani na kuungwa mkono na majirani wote, ilhali madai yanayosimama juu ya kabila humfukuza jirani ambaye angekuwa shahidi wako.

Mbona basi hamkuongezewa viti? Ni kwa sababu mipaka iliyopo ilichorwa mwaka 2012 kwa kutumia sensa ya 2009, na haijaguswa tangu hapo. Mara hiyo mlipata: maeneo bunge ya nchi yalipopanda kutoka 210 hadi 290, eneo lililo Kilifi ya leo lilitoka viti 5 likawa na 7, baada ya Bahari kugawanywa kuwa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini, na Rabai kutengwa na Kaloleni yenu, huku Kwale ikiongezewa Lunga Lunga. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya katika muda usiopungua miaka 8 na usiozidi 12. Miaka hiyo 12 ilimalizika Machi 2024, na wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Mwenyekiti na wenzake wa mwisho walikuwa wamemaliza muda wao Januari 2023, na makamishna wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyozungumzwa. Watu walihesabiwa, takwimu zikachapishwa, lakini chombo cha kuzigeuza takwimu kuwa viti hakikuwa na wenye kukiendesha.

Kulikuwa na njia ya mkato. Mswada wa marekebisho ya Katiba uliotokana na mchakato wa BBI, ule mpango wa maridhiano wa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulipendekeza maeneo bunge mapya 70, na ukayagawa moja kwa moja kwa kaunti: Nairobi 12, Kiambu 6, Kilifi 4, Kwale 3, na kadhalika. Mngepata sana. Hata hivyo, Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Machi 2022 uliouzima mchakato mzima, ilikuta kwamba jedwali hilo la viti liliingizwa bila wananchi kushirikishwa. Naukubali uamuzi huo japo Pwani ilipoteza, kwa sababu viti vinavyotolewa kwa maafikiano ya viongozi vinaweza pia kuondolewa kwa maafikiano ya viongozi. Matokeo yake ni kwamba idadi imebaki 290, na maadamu ni hiyo, kiti kikiongezwa Kwale lazima kipungue mahali pengine.

Hapo ndipo wingi wa mmoja unapogusana na uchache wa mwingine, na ningependa tukae kidogo. Eneo bunge la Lamu Mashariki lilikuwa na wakazi 22,258 mwaka 2019, chini ya sehemu moja ya saba ya wastani wa nchi. Lina wadi tatu tu: Faza, Kiunga na Basuba. Wengi wa wakazi wake ni Wabajuni, wavuvi wa visiwa na wa pwani inayopakana na Somalia, na Basuba ndiyo wadi ya Waaweer, wale wanaoitwa Waboni, jamii ndogo ya msituni iliyoishi kwa kuwinda na kurina asali. Katika vijiji vya Waaweer shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab na operesheni za usalama zilizofuata. Kwa hesabu kavu eneo hili lingeunganishwa na Lamu Magharibi, lenye wakazi kama 121,700, na hata yakiungana hayafikii wastani. Lakini Lamu Magharibi ndiyo yenye Mpeketoni, Witu na Hindi, ambako makazi ya watu waliotoka bara yalianzishwa tangu miaka ya 1970. Mbunge wa Lamu nzima angechaguliwa kwa kura za nchi kavu, na mvuvi wa Kiunga angebaki akingoja hisani yake. Katiba ilizuia upitiaji wa kwanza wa mipaka usifute eneo bunge lolote lililokuwapo, na ndivyo Lamu Mashariki ilivyosalia. Kinga hiyo iliwekwa kwa upitiaji wa kwanza peke yake.

Maoni yangu ni kwamba Lamu Mashariki inafaa ibaki, na sisemi hivyo kwa huruma. Bunge halipo kwa ajili ya kuhesabu vichwa tu, bali pia kwa ajili ya kusikia lile ambalo wengi hawalijui, na hakuna mbunge wa Nairobi atakayejua kwamba marufuku ya kuvua usiku, iliyowekwa Lamu kwa sababu za usalama, iliwanyima watu riziki kwa miaka. Lakini kinga ya namna hii inapaswa kuwa ya wachache kweli: jamii ndogo, eneo gumu, historia ya kusahauliwa. Isitumiwe kuwa kisingizio cha kuilinda kaunti yenye barabara za lami na hospitali eti kwa sababu watu wake wameacha kuzaa sana. Kifungu cha 89 chenyewe kinataja jiografia, miji, historia, uchumi na utamaduni kuwa mambo ya kuzingatiwa, na tume ina uwezo wa kutofautisha hali hizo mbili ikitaka.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza watu wakishapata kiti walichokidai, nalo ni kwamba kiti kipya hufuata mahali watu walipoongezeka, na mara nyingi huko siko kabila la wenyeji lilikoongezeka. Tazama Kajiado. Mwaka 2009 ilikuwa na wakazi 687,312, na mwaka 2019 ikawa na 1,117,840. Ongezeko hilo la asilimia 63 halikutokana na uzazi wa Wamasai peke yao. Linatokana na Ngong, Ongata Rongai, Kiserian na Kitengela, ambako watu wanaofanya kazi Nairobi walinunua viwanja vya futi hamsini kwa mia vilivyokatwa kutoka ardhi ya malisho. Kajiado ina wabunge 5, wastani wa watu karibu 223,600 kwa kila mmoja, na kwa hesabu inastahili zaidi. Lakini viongozi wengi wa Kimasai hawana haraka ya kukidai kiti hicho, kwa sababu wanajua kitaangukia Kitengela au Rongai na kwamba atakayekichukua huenda asijue hata njia ya kwenda kwenye maji ya mifugo. Wanaona ukuaji wa kaunti yao unawageuza kuwa wachache katika kaunti yenye sura yao. Siwezi kuwaambia kwamba hofu hiyo ni ya bure. Siwezi pia kumwambia mwenye nyumba Kitengela, anayelipa ada za kaunti na ambaye watoto wake wamezaliwa hapo, kwamba yeye ni mgeni wa kudumu asiyestahili mbunge.

Kilifi inaelekea huko huko. Mtwapa, iliyo katika Kilifi Kusini, imekua kwa watu wanaotoka Mombasa na wanaotoka bara, na Malindi na Watamu nazo zina historia ndefu ya kuchanganyika. Mipaka ikichorwa upya na Kilifi ikapewa kiti cha nane, usishangae kikiwekwa kando ya barabara kuu ya Mombasa na si Ganze. Wanafunzi wako wajiandae kuamua tangu sasa kama wanadai uwakilishi wa Kilifi pamoja na wote walioijaza, au wanadai jambo jingine.

Wingi pia haufanyi kazi peke yake mahali ambapo wachache wanaweza kuungana. Marsabit, mwaka 2013, Warendille, Wagabra na Waburji waliunda muungano ulioitwa REGABU, wakashinda ugavana dhidi ya Waborana waliokuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko kila mmoja wao peke yake. Mwaka 2017 muungano ukalegea na Mborana akachukua kiti. Katika miaka hiyo minne muundo wa makabila haukubadilika kiasi cha kueleza matokeo hayo. Kilichobadilika ni makubaliano. Mandera nako wazee wa koo waligawana nyadhifa kabla ya kura kupigwa, utaratibu unaopunguza vita na wakati huo huo unawafungia nje wanawake, vijana na koo ndogo ambazo hazikuitwa barazani.

Kuhusu fedha, hali ni tofauti na ya viti, na kwa kweli ni afadhali. Mgao wa kaunti hutolewa kwa fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Seneti. Katika fomula ya kwanza, idadi ya watu ilibeba asilimia 45, sehemu iliyogawanywa sawa kwa kaunti zote asilimia 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya matumizi 2. Mwaka 2020, fomula ya tatu ilipofika Seneti, kaunti zenye watu wengi zilisimama na wito wa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Kaunti kavu za kaskazini na nyingi za Pwani zilikataa, na Seneti ikakwama kikao baada ya kikao hadi Septemba. Suluhu iliyopatikana iliivunja idadi ya watu vipande vipande: asilimia 18 kwa idadi yenyewe, 17 kwa afya, 14 kwa umaskini, 10 kwa kilimo, 8 kwa barabara, 8 kwa ardhi, 5 kwa huduma za mijini, na 20 kwa mgao wa msingi. Ikawekwa pia kwamba isianze kutumika mpaka jumla ya fedha zote ipande kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopoteza. Kilifi ilitoka takriban shilingi bilioni 10.4 ikafika bilioni 11.6.

Ndiyo maana nusu milioni yenu haikuonekana wazi kwenye mgao: idadi haikupewa nafasi ya kusema peke yake. Nami naona ilikuwa sawa. Shilingi moja haifanyi kazi sawa kila mahali. Kumfikishia mama mjamzito wa Bamba zahanati kunagharimu zaidi ya kumfikishia yule wa Thika, kwa sababu ya umbali, ukosefu wa maji na barabara. Kama kanuni ya shilingi moja kwa kila kichwa ingepita, Ganze na Magarini zingekuwa miongoni mwa waathiriwa, hata kama Wamijikenda wangeongezeka maradufu. Kwa hiyo ningewashauri Wapwani wawe na misimamo miwili bila kuona aibu: katika viti, wadai usawa wa idadi, pamoja na kinga finyu kwa jamii ndogo kabisa; na katika fedha, wadai hesabu ya mahitaji. Misimamo hiyo haigongani, kwa sababu kura ni sauti ya mtu, na sauti za watu ni sawa, ilhali bajeti ni gharama ya kumhudumia, na gharama hizo si sawa.

Maadamu fedha na viti vinafungamana na hesabu, hesabu yenyewe huwa uwanja wa mapambano. Agosti 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, alisema matokeo ya wilaya 8 za kaskazini yamefutwa, zikiwemo Mandera Mashariki, Mandera Magharibi, Mandera ya Kati, Wajir Mashariki, Lagdera na tatu za Turkana, kwa hoja kwamba ongezeko lake lilizidi kile ambacho vizazi na vifo vingeweza kukieleza. Viongozi wa maeneo hayo walikwenda mahakamani. Mandera ikabaki vitabuni na watu 1,025,756, kisha sensa ya 2019 ikaipa 867,457. Kaunti ambayo kila mwanamke, kwa utafiti wa afya wa 2022, ana wastani wa watoto 7.7, wa juu kuliko kaunti zote, ilionekana kupungua watu laki moja na nusu. Lazima mojawapo ya hesabu hizo mbili iwe na kasoro kubwa, au zote mbili. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa iliyabatilisha matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa. Ninachosikitika nacho ni kwamba ugomvi huu ulizungumzwa nchini kana kwamba Wasomali kama kabila walijihesabu kwa hila, jambo linalogusa kidonda cha zamani cha watu waliopigwa msasa mwaka 1989 na kupewa kadi maalumu ili kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wajibu wa kuhesabu sawasawa ni wa serikali, na anayehesabiwa vibaya hupoteza pande zote mbili, kwa kuwa akizidishwa huitwa mwizi na akipunguzwa hukosa dawa hospitalini.

Hata hesabu ikiwa safi, haigeuki kuwa kura mara moja. Mwaka 2019 karibu Wakenya 4 kati ya 10 walikuwa hawajafika miaka 15. Jamii inayokua kwa uzazi huhesabiwa leo katika mipaka na mgao, lakini sauti yake kwenye sanduku huchelewa miaka kumi na minane, na hata baada ya hapo ni lazima kijana awe na kitambulisho. Ninyi wa Kilifi mnalijua hili kuliko wengi, kwa kuwa mmeishi na Wapemba. Familia zao zimevua samaki katika pwani ya Kwale na Kilifi kwa vizazi, lakini bila kitambulisho mvuvi hakuweza kupata leseni ya uvuvi wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 tu, baada ya Wamakonde, waliotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai uraia wao, na baada ya Washona. Kule kaskazini, vijana wa kaunti za mpakani waliendelea kupigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais alipotangaza mwezi Februari 2025 kwamba utaratibu huo umekomeshwa. Kwa mtazamo wangu, kijana mmoja wa Kaloleni aliyepata kitambulisho na kujiandikisha ana uzito kuliko mabishano yote ya asilimia ya kabila.

Kuna mahali pamoja ambapo sheria inalitaja kabila kwa jina, nako ni ajira ya umma. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ya kwanza ilipokagua utumishi wa umma mwaka 2011, ilikuta Wakikuyu wana asilimia 22.3 ya nafasi na Wakalenjin 16.7, kila kundi juu ya fungu lake la idadi ya watu, na yote mawili ni makabila yaliyokuwa yametoa marais. Bila ya safu ya kabila kwenye sensa, ukaguzi huo usingekuwa na cha kulinganisha nacho.

Hilo linanileta kwenye shauri la wale wanafunzi wanaotaka swali la kabila lifutwe. Wasidharauliwe, kwa sababu njia hiyo imejaribiwa. Tanzania iliuliza kabila katika sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967, na Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 iliondoa kabila kwenye vitambulisho. Burundi ilichukua njia tofauti kabisa: Katiba yake inawapa Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40 ya Bunge la Taifa, na nusu kwa nusu katika Seneti, mafungu yaliyoafikiwa mezani ili kumaliza vita na yasiyopanda wala kushuka kwa sensa. Hata Kenya iliyafungia matokeo ya kabila ya sensa ya 1999 bila kuyachapisha. Je, kuyafungia kulizuia fujo za mwaka 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100? Wanasiasa walikwenda na hesabu zao za vichwani, na hapakuwa na takwimu ya kuwakanusha.

Ningewaambia wanafunzi waachie swali libaki, lakini walijue lilivyo. Kabila katika sensa ni jibu la mtu kuhusu nafsi yake, na majibu hubadilika. Mwaka 2009 Waswahili waliandikwa 110,614. Mwaka 2019 wakaandikwa 56,074. Hakuna tauni iliyopita Mombasa, Lamu na Malindi. Watu walijiandika kwa majina mengine, au karani alichagua msimbo mwingine. Mwaka 2009 Wakenya zaidi ya 600,000 waliulizwa kabila wakajibu "Mkenya" na wakaandikwa hivyo. Na hata hilo fungu la milioni 2.49 unaloliita lenu ni jumla ya jamii tisa, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi na wenzao, ambao walianza kujumlishwa chini ya jina moja katika karne iliyopita ili wawe na sauti mbele ya serikali ya kikoloni. Mrabai anaweza kukuuliza, kwa haki kabisa, ni viti vingapi kati ya vile vya Wamijikenda vilivyo vyake.

Sasa kwa kuwa Tume ya Uchaguzi na Mipaka ina makamishna, kazi ya mipaka haitakwepeka baada ya uchaguzi wa 2027, na kwa kawaida tume huitisha vikao vya wananchi katika kila kaunti. Hapo ndipo darasa lako linaweza kufanya jambo la maana. Chukueni takwimu za sensa za Kaloleni kata kwa kata, mlinganishe kila wadi na wastani wa kaunti, mpime umbali kutoka kila kijiji hadi ofisi ya chifu, shule ya sekondari na zahanati, kisha mwandike memoranda ya kurasa mbili tatu inayosema mpaka upite wapi na kwa nini. Mwiteni mzee wa Kiduruma na mfanyabiashara wa Kikamba wa Mariakani waitie sahihi pamoja nanyi. Tume inalazimika kisheria kuwashirikisha wananchi, na hati yenye ramani na idadi ya wakazi ni ngumu kuipuuza kuliko hotuba.